Kila Mtoto na Fungu Lake

Mwanangu ni fundi cherehani. Kila asubuhi hufagia kibaraza, huitia mashine mafuta, kisha humwita binti yake anywe chai aende shule. Mjukuu wangu huyo yuko darasa la tano. Tangu mama yake afariki, sauti yake ilipungua mpaka ikawa ya kuokoteza. Wenzake shuleni wakambandika jina la Bubu.

Mtihani wa muhula alishika mkia. Mwanangu akakata shauri amtoe shule, akae naye kibarazani ajifunze kupiga pindo na kushona vifungo.

"Mama, kule anaonewa bure," aliniambia. "Hapa kwangu hakuna atakayemcheka."

Sikubishana naye. Nilimwomba tu twende wote tukamuage mwalimu kwa heshima.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwenye vumbi la chaki hadi kwenye viwiko. Alitusikiliza mlangoni mpaka mwisho. Kisha akatueleza kwamba makundi ya darasa lake yalikuwa makundi ya jina tu. Aliwakalisha watoto wanne wanne, akawapa karatasi moja, na anayejua akaiandika yote. Watatu waliobaki walichonga penseli.

"Mjukuu wako alikuwa hodari wa kuchonga, bibi," alisema, wala hakucheka. "Nilidhani kuwakalisha pamoja kunatosha. Sasa nimebadilisha. Baba, kaa nyuma utazame kipindi kimoja tu. Ukitoka, uamuzi ni wako."

Tukajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakikaribia videvu.

Kila kundi lilikuwa na mche wa nyanya uliong'olewa pamoja na udongo wake. Kila mtoto alipewa fungu lake: mmoja mizizi, mmoja shina, mmoja majani, mmoja maua. Kwanza watoto wa mizizi kutoka makundi yote walikutana pembeni, wakasoma, wakaulizana hadi wakaelewa. Wa shina vivyo hivyo, na wengine pia. Halafu kila mmoja akarudi kwenye kundi lake kuwafundisha wenzake.

Mjukuu wangu alikuwa wa mizizi. Zamu yake ilipofika, aliinama akaitazama mizizi tu. Mvulana mmoja wanayemwita Redio akauvuta mche.

"Lete, niseme mimi. Huyu tutamngoja mpaka tuote ndevu."

Mwalimu alimshika bega, akamuuliza amesoma fungu gani. Redio akajibu, majani.

"Basi ya mizizi huna," mwalimu akasema. "Na mwishoni nitamuuliza yeyote kati yenu, juu ya fungu lolote. Mngojeni mwenzenu."

Wakangoja. Mwanangu alikuwa ameivua kofia yake na kuisokota kama nguo inayokamuliwa.

Mtoto akapangusa udongo kwa kidole. "Hii minene inaushika mmea usianguke," alisema, kwa sauti ndogo mno. Wenzake wakainamisha vichwa wamsikie. "Hii midogo kama nywele ndiyo inayonyonya maji."

"Ikikatika je?" aliuliza Redio. Safari hii hakuwa anadhihaki.

"Mmea unanyauka. Hata kama majani yake ni mazuri."

Wakati wa maswali, mwalimu akamsimamisha Redio aeleze kazi ya mizizi. Alianza vizuri, akakwama katikati. Akamgeukia mjukuu wangu, akamwita kwa jina lake alilopewa na mama yake, akamwomba amkumbushe ile midogo inafanya nini. Mtoto akamkumbusha. Safari hii hata sisi wa nyuma tulimsikia.

Kengele ikalia. Mwalimu akatujia. "Haya, baba. Umeamuaje?"

Mwanangu akauliza: "Baada ya mapumziko wana kipindi gani?"

"Hesabu."

"Kwa makundi hayahaya, kila mtu na lake?"

"Kwa makundi hayahaya."

"Basi abaki," alisema, akavaa kofia.

Muhula uliofuata mjukuu wangu hakuwa wa kwanza, lakini mkia aliuacha. Bado si msemaji. Jioni baba yake humuuliza leo alipewa fungu gani, na akianza kueleza, mwanangu huondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani mpaka amalize.