Mwanaume Asiyeuliza

"Funga hiyo kompyuta kwanza," Profesa alisema. "Umeona nini?"

"Nimeona nisichotakiwa kuona, Profesa," Daktari alijibu.

Maabara yao ilikuwa na desturi yake. Mashine mpya ya kusoma vinasaba ikiletwa, wafanyakazi wenyewe hutoa damu ya kuijaribia, kisha damu hiyo hiyo hulinganishwa na ya wagonjwa. Vichupa haviandikwi majina, ni namba tu, na aliyetoa haambiwi kilichoonekana mpaka aombe mwenyewe. Desturi nzuri, ila aliyeitunga alisahau jambo moja. Maabara ile karibu wote walikuwa wanawake, na damu ya mwanaume ikisomwa na mashine haihitaji jina.

Mwanaume mle alikuwa mmoja: fundi wa mashine. Tena ndiye mchumba wa Daktari.

"Anayo ile hitilafu, Profesa. Ile ile tunayoiandikia makala."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Aliomba kuambiwa?"

"Hapana. Alisema hataki kujua chochote."

"Basi hujaona kitu."

"Profesa! Harusi ni mwezi ujao!"

"Mwanangu, nakuonea huruma kuliko unavyodhani. Lakini watu wanatupa damu yao kwa sababu tunafunga midomo. Siku tukianza kuchagua nani aambiwe, hakuna atakayenyoosha mkono tena. Asipouliza, usimwambie."

Usomi wote wa Daktari ulikuwa juu ya ugonjwa mmoja, ule unaoletwa na hitilafu hiyo. Huanza mtu akikaribia miaka arobaini. Mwendo unapepesuka, ulimi unakuwa mzito, mwisho akili inamkimbia. Mzazi akiwa nao, mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, na aliyeurithi haponi. Ni yeye Daktari aliyeigundua hitilafu yenyewe. Makala zake zilisomwa na wataalamu wa kila pembe, akaalikwa mikutanoni, akapigiwa makofi. Katika kurasa zote hizo hapakuwa na sentensi hata moja ya kumponya mtu. Na Fundi alikuwa na miaka thelathini na minne.

Mchana Fundi alimletea chai kama kawaida yake.

"Dokta wangu, mbona hunywi? Au leo nimesahau sukari?"

"Nataka tuahirishe harusi."

Lilimtoka tu, hakulipanga. Fundi aliweka sahani ya kikombe mezani taratibu.

"Sawa."

"Mpaka makala itoke."

"Sawa, mpenzi. Usijali. Wazee nitawaambia mimi."

Akamgusa bega, akaenda zake. Daktari alitamani amkimbilie amweleze kila kitu, na papo hapo akatamani asimwone tena maishani. Hakufanya hili wala lile. Alikunywa chai ya baridi.

Siku zilizofuata zilikuwa adhabu. Fundi akinyanyua kikombe, Daktari anamtazama vidole. Akijikwaa kwenye waya, Daktari roho inamruka. Simu zake aliacha kuzipokea, zikabaki meseji.

"Umekula?"

"Nimekula," alijibu, na ulikuwa uongo.

"Nakupenda. Si lazima ujibu."

Hakujibu. Aliingia chooni, akafungulia maji yapige kelele, akalia mpaka kwikwi zikamkatika.

Dada yake hakuwa na subira ya namna hiyo. Alipiga simu asubuhi na mapema.

"We, niambie ukweli. Umepata mwanaume mwingine?"

"Dada, jamani!"

"Basi una nini? Mama hali, mashangazi hawaishi kupiga simu, mimi uongo umeniishia. Na huyo mchumba wako naye ndiyo kanimaliza kabisa! Nimempigia, nikamwambia shemeji, kulikoni? Ananijibu eti, 'Shemeji, muacheni, ana haki ya kufikiri.' Afikiri nini? Mume wangu mimi nikichelewa kurudi sokoni ananihoji kama polisi. Huyu kaahirishiwa harusi nzima na hata kwa nini hajauliza! Mwanaume gani asiyeuliza?"

Daktari aliondoa simu sikioni, akaitazama.

"Upo?"

"Nipo. Dada, nitakupigia."

Mwanaume asiyeuliza ni yule anayejua jibu.

Alimkuta Fundi chumba cha mashine, amefungua kifuniko cha nyuma, bisibisi mkononi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Usinifanye mtoto! Nimeahirisha harusi yetu, hujaniuliza sababu."

Fundi aliweka bisibisi chini. Akajifuta mikono, kidole baada ya kidole.

"Mwanaume humu ndani ni mimi peke yangu," alisema. "Unadhani siku natoa damu nililisahau hilo?"

Daktari alikalia boksi la vipuri.

"Ulijua."

"Sikujua. Niliogopa tu. Baba yangu hakuwahi kuonja pombe, Dokta, hata tone. Lakini mtaa mzima ulimwita mlevi, kwa vile alivyokuwa akipepesuka. Mama akasema amelogwa. Alikufa hajui jina langu. Miaka mingi baadaye nikasoma makala yako. Uliandika kwamba wagonjwa wengi huitwa walevi. Mstari ule nimeukariri mpaka leo."

"Ndiyo ukaja kuomba kazi hapa."

"Ndiyo."

"Kumbe ulifuata makala. Hukunifuata mimi."

"Wewe nilikuwa sikujui! Nilifuata makala, nikakukuta wewe, nikakupenda. Tangu hapo kila nikitaka kusema, ulimi unagoma. Nikaona bora nitoe damu. Ukiona, umejua. Ukitaka kwenda, uende bila mimi kukung'ang'ania. Ukibaki, umebaki kwa macho yako. Siku ulipoahirisha harusi nilikwenda nyumbani nikapiga magoti. Nilimwomba Mungu sababu iwe ni mwanaume mwingine."

Daktari aliinuka akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili.

"Na mimi je? Mimi ulinifikiria? Umenitwika kifo chako nikakibeba peke yangu! Siwezi kukwambia, siwezi kumwambia dada, nalia chooni kama mwizi! Huo ndio upendo? Nijibu!"

Fundi alimshika mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ndipo Daktari aliposikia alichokisema mwenyewe. Neno likitoka limetoka, na yeye aliyefunga mdomo siku zote hizo alikuwa ameufungua kwa hasira.

"Kwa hiyo hakuna mwanaume mwingine," Fundi alisema.

"Hayupo."

"Una hakika?"

"Nimesoma ile damu mara nne. Nilitafuta kosa langu. Nilitaka niwe mjinga, nisiyejua kazi. Sikulipata."

Fundi aliteleza na ukuta mpaka sakafuni. Daktari akakaa karibu naye na koti lake jeupe, bega kwa bega, mbele ya mashine iliyo wazi matumbo. Alijua ni seli zipi zingeanza kufa na kwa mpangilio gani. Hakujua amwambie nini.

"Na watoto?" Fundi aliuliza.

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika ya watu wengine."

Nje Profesa alikuwa akiwaita watu mkutanoni, makala imekubaliwa.

"Mpigie dada," Daktari alisema. "Mwambie harusi ni tarehe ile ile."

"Dokta, usinionee huruma."

"Si huruma, nina hasira na wewe. Ulitaka nikibaki, nibaki nikijua. Haya, najua. Mpigie."

"Umenisamehe?"

"Bado. Nitakusamehe polepole."

Fundi alimlalia begani, akafumba macho.

"Fanya haraka kidogo, mpenzi."