Sensa Haikusema Uongo

Wiki ile Austine, fundi wa mashua wa Sori, hakutulia hata dakika. Mkewe, Nyatichi, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Daktari wa Homa Bay alitaka afike Alhamisi apasuliwe, kama alivyopasuliwa kwa mtoto wa kwanza, Jeff. Ilikuwa Jumanne, na gari lao kuukuu linakunywa petroli kama mlevi wa sikukuu. Taa ya onyo la injini haizimiki. Na kila Nyatichi anapopanda, kichwa kinamgonga.

"Ni mimba tu," Austine alimwambia.

"Mimba gani hii inaniuma ndani ya gari peke yake, baba Jeff?"

Austine alikwenda Migori mjini kwa Bhoke, mwanamke fundi wa magari.

Bhoke alichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. "Inaonyesha sensa ya oksijeni, kile kifaa cha kupima hewa kwenye moshi."

"Hiyo nimebadilisha mara mbili, fundi. Nipe ya tatu niende."

"Pole pole. Mashine imesema sensa inalalamika. Haijasema sensa imeharibika. Wacha injini ipoe kwanza."

Austine alizunguka gari mpaka kizunguzungu kikamshika. Injini ilipopoa, Bhoke alimwagia ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, maji ya sabuni, kutoka kwenye injini hadi kwenye sensa. Austine akawasha gari. Bhoke akaziba kidogo mdomo wa bomba kule nyuma kwa kitambaa. Mara povu likachemka karibu na sensa. Akachokoa hapo kwa bisibisi, ikatoka pamba iliyoungua.

"Nani ameweka pamba hapa?"

"Ni mimi," Austine alisema kwa aibu. "Mashua ikivuja tunaziba na pamba."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Austine aliuziba, ndiyo, lakini kwa pamba. Bhoke alicheka mpaka akaegemea gari.

"Sikia, ndugu yangu. Ufa huu unatoa moshi, na pia unavuta hewa. Sensa inaona hewa ni nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Sensa ilikuwa inasema ukweli. Na huo moshi unaingia ndani ya gari. Uko na sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaweza kuua mama na mtoto."

Austine akafungua milango yote ya gari.

Bhoke alichomelea ufa na kufuta kosa kwenye kompyuta. Taa ikazimika. "Ikiwaka tena, usinunue kitu. Leta kwanza nipime."

Alhamisi, walipopita Ndhiwa njiani kwenda Homa Bay, Nyatichi alifumba macho. Austine alisimamisha gari ghafla, akamtikisa bega.

"Mama Jeff. Mama Jeff."

"Niache nilale. Leo kichwa hakiniumi."

Austine alishika usukani bila kuendesha. "Nisamehe. Wewe ulisema ukweli, na mimi nikasema ni mimba."

"Nimekusamehe. Sasa endesha, daktari anangoja."

Mchana ule alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Safari hii Austine alimsikiliza tangu kilio cha kwanza.