Barua ya Kumi na Moja

"Wananchi wa kidato cha tatu, tulieni! Mimi Elick, Waziri wa Vicheko wa shule hii, natangaza rasmi mbele yenu na mbele ya uji huu kwamba hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuingia chumba cha ushauri nasaha. Anayeingia humo..."

Sikumaliza. Benchi nililosimama juu yake lilikuwa na mguu mbovu. Tangazo rasmi likaishia sakafuni, pamoja na uji wa Methodius.

"Waziri amejiuzulu!" Methodius alipiga kelele, na bwalo zima likaangua kicheko.

Mtu mmoja tu hakucheka. Fidele alikuwa ameinamia kikombe chake ambacho hakuwa amekigusa. Yeye na mimi tulilala kitanda kimoja cha deka, mimi juu, yeye chini, tangu kidato cha kwanza. Zamani alicheka hata vichekesho vyangu vibovu, na hivyo ndivyo vingi. Lakini tangu tufungue shule Januari, nikimtania alinitazama kama mtu anayetazama mvua dirishani.

Sababu ilijulikana shule nzima. Mwezi Novemba, katikati ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, mama yake alifariki kwao Nyakatuntu. Ndugu zake walikubaliana na mkuu wa shule kwamba asiambiwe mpaka amalize mtihani. Hivyo ndivyo wengi hufanya kwetu, na hufanya kwa upendo: mtoto asije akapoteza mwaka. Ijumaa aliweka kalamu chini, akaambiwa. Alipofika nyumbani mama alikuwa amekwisha kuzikwa kwenye kibanja cha nyumbani, kati ya migomba, na matanga yameanuliwa. Hakutupa hata konzi moja ya udongo kaburini. Mtihani alifaulu.

Jumanne hiyo ya benchi, nilimkuta bwenini akipanga nguo kwenye tranka.

"Unahama?"

"Ijumaa naondoka. Nitakwenda Rugera kupalilia mashamba ya watu."

"Wewe? Jembe litakupalilia wewe!"

Hakucheka. "Hapa kila mtu anajua kunificha mambo," alisema. "Shambani hakuna anayenijua." Akafunga tranka.

Sasa niseme habari za sanduku. Nje ya chumba cha ushauri, Mwalimu Mukabera alitundika sanduku dogo la mbao ili mwenye shida atumbukize barua, hata bila jina. Kwa muda wa mwezi mmoja nilikuwa nimelilisha barua kumi. "Mwalimu, nguruwe wa shule ananikonyeza, nifanyeje?" "Mwalimu, naota nimekuwa mkungu wa ndizi, na mpishi Benadeta ananijia na kisu." Mwalimu hakuwahi kutaja barua hizo popote, jambo lililoniumiza kidogo kama msanii.

Asubuhi ya Jumatano nilitumbukiza barua ya kumi na moja. Nilijaribu kuitia mzaha, ukagoma. Niliandika kwamba Fidele anaacha shule Ijumaa. Kwamba hali wala hacheki. Kwamba yeye hajui jinsi mjomba wake alivyolia barazani kwa mkuu, anadhani ndugu zake walimficha kwa sababu hawamjali. Sikuweka jina.

Nilitazamia Fidele aitwe ofisini na kuhubiriwa. Hakuitwa. Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya kumenya ndizi za jikoni. Mwalimu Mukabera akaja na kisu chake, akavuta kigoda, akaketi karibu na Fidele.

"Shikamoo mwalimu," tulisema.

"Marahaba. Nisogezeeni kikapu."

Akamenya. Hakuuliza kitu. Alimenya kikapu cha kwanza, mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Akamenya cha pili. Sijawahi kuona mtu mzima akinyamaza muda mrefu namna ile bila kuwa amelala. Kwenye kikapu cha tatu Fidele akasema, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, hata udongo sikutupa."

"Pole, mwanangu," alisema Mwalimu. Kisha akatugeukia sisi wengine. "Elick, Methodius, pelekeni hizi kwa Benadeta. Msikimbie kurudi."

Tuliporudi walikuwa wamehamia chumba cha ushauri. Waliyoongea humo Mwalimu hajamwambia mtu mpaka leo. Nilichoona ni kwamba Ijumaa ilifika na tranka halikutoka bwenini.

Mengine alinisimulia Fidele mwenyewe. Mwalimu alimwuliza angependa nini kifanyike, swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kisha, kwa ruhusa yake, akampigia simu mjomba, Mzee Nsabimana. Jumamosi walikwenda Nyakatuntu. Ndugu walikusanyika upya, mwinjilisti akasoma sala upya, na Fidele akachota udongo kwa mikono miwili akauweka kwenye kaburi la mama yake. Halafu akamwuliza baba yake mbele ya watu, "Kwa nini mlinificha?" Baba akajibu, "Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nakulinda. Nisamehe." Wakalia wote wawili.

Jumapili jioni Fidele alikula sahani yake yote, na nusu ya yangu. Nikavimba kwa fahari ya siri. Nilianza hata kufikiria hotuba.

Jumatatu niliitwa chumba cha ushauri. Mezani zilikuwa barua kumi na moja, zote za karatasi ya miraba kutoka daftari moja la hesabu.

"Keti, Mheshimiwa Waziri," alisema Mwalimu Mukabera. "Nguruwe hajambo?"

"Hajambo, mwalimu," nilisema kwa sauti ndogo.

"Hizi kumi nitazitunza, hunichekesha nikichoka. Ninauliza habari ya hii moja. Umejuaje kwamba mjomba alilia barazani? Ijumaa ile ya Novemba, alipokuja kumchukua Fidele, hakulia. Alilia Jumanne ya wiki hiyo, alipoleta taarifa. Nimemwuliza mkuu. Anasema siku hiyo pale palikuwa na mtu mmoja tu, mwenye fagio."

Nilitafuta mzaha kila mfuko wa kichwa changu. Haukuwepo.

"Nilikuwa na adhabu ya kufagia," nilisema. "Nilisikia yote. Mkuu akaniambia nifunge mdomo mpaka mtihani uishe. Nikafunga. Siku tatu nilimchekesha Fidele kila saa, ili asinitazame usoni akajua." Hapo nikalia, mbele ya mwalimu, mchana kweupe. "Tangu hapo nikinyamaza tu, nasikia yule mzee akilia."

Mwalimu aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Ulikuwa na miaka kumi na minne, tukakubebesha mzigo wa watu wazima. Kosa hilo ni letu, nami nitalisema kwa mkuu. Lakini shika hili, Elick. Wanaoingia chumba hiki si wendawazimu. Ni watu waliochoka kubeba peke yao, na kuomba msaada kabla hujaanguka ni akili. Na pale ulipoandika barua kwa ajili ya Fidele, badala ya kumchekesha, ulifanya kazi yangu kabla yangu."

"Nimwambie, mwalimu? Kwamba nilijua?"

"Wewe unaonaje?"

Nilimkuta bombani akifua mashati. Nikasimama na kusema moja kwa moja, maana ningezunguka ningekimbia.

"Fidele, nilijua tangu Jumanne ile ya mtihani. Kabla yako."

Aliacha kufua. Povu likamtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Siku zile zote ulizokuwa unanichekesha?"

"Zote. Nisamehe."

Akakamua shati taratibu, hata tone la mwisho. Nilikuwa tayari kwa ngumi. Kwa kweli ningeipokea kwa shukrani. Badala yake akakaa kwenye ukingo wa saruji, akanisogezea nafasi.

"Ulimwona mjomba alipoleta habari?"

"Nilimwona."

"Nieleze basi. Usiruke kitu."

Nikakaa. Nikaanza na viatu vyake, vilivyojaa matope ya kibanja, na jinsi alivyovivua mlangoni kabla hajaingia kusema.