Mtoto Bado Yuko Shambani

Ndirangu hakuamini macho yake. Aliamini mizani.

Mtu akimletea gunia la mahindi na kumwambia limejaa, Ndirangu alicheka tu. Alilipandisha kwenye mizani, akasoma. Kisha alichukua punje moja, akaiuma. Punje ikilia "ka!", imekauka. Ikinyamaza, bado ina maji, na Ndirangu hakuwa mtu wa kununua maji. Hivyo ndivyo alivyofanya biashara yake mjini Kitale, na wakulima walimheshimu.

Kila msimu wa mavuno, ua wake wote ulitandazwa maturubai ya mahindi. Mkewe, Wamboi, aliyageuza kwa reki. Kuku waliyaiba. Binti yao, Nyaruai, aliyaruka akikimbilia mazoezini, na kila mara baba yake alipaza sauti, "Wewe! Usinikanyagie mahindi!"

Nyaruai alikuwa na miaka kumi na tano na mkanda wa buluu wa taekwondo. Taekwondo ni mchezo wa mapigano uliotoka Korea, na wachezaji hutumia zaidi miguu. Baada ya shule, Nyaruai na wenzake walikutana katika ukumbi wa kanisa. Walisogeza viti, wakafagia, wakatandika mikeka. Walivaa dobok, yaani yale mavazi yao meupe. Kisha walisimama kwa mstari na kumwinamia mwalimu. Kabla ya kupigana waliinamiana wao kwa wao. Maana yake ni, nakuheshimu, na sitakuumiza kwa kusudi.

Mara ya kwanza kuona jambo hilo, Ndirangu alikunja uso. "Ati mtoto wa kanisa anainamia binadamu?" Alipoelezwa kwamba ni salamu tu, si ibada, alilipenda kupita kiasi. Akaanza kuinamia hata wateja wa mahindi. Wamboi alimcheka mpaka akachoka.

Mwalimu wao alikuwa Wilkista, mzaliwa wa Bumula. Mchana alikuwa nesi katika zahanati. Jioni alikuwa Sabum, neno la Kikorea ambalo wachezaji humwitia mwalimu. Alikuwa mfupi, lakini mguu wake ulifika juu ya kichwa cha mtu mrefu. Watoto walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kinachofaa.

Jioni moja Nyaruai alichuchumaa karibu na baba yake penye mahindi.

"Baba, mashindano ya Bungoma yamekaribia."

"Si vizuri? Ama unataka dobok mpya?"

"Hapana. Ni huyo Ivy."

Ndirangu alimkumbuka Ivy. Alikuwa msichana wa Bungoma mwenye miguu mirefu. Mwaka uliopita, hapa hapa Kitale, alimshinda Nyaruai kwenye fainali. Nyaruai alilia njia nzima hadi nyumbani, baba yake akimshika bega. Hakuna kitu kilichomuuma kama kumwona binti huyu akilia.

"Ivy hucheza kwa wale wa kilo hamsini na mbili," Nyaruai aliendelea. "Nikipungua nifike chini ya arobaini na tisa, sitapatana na yeye. Huko chini naweza kuleta dhahabu."

"Panda hapa," Ndirangu alisema, akionyesha mizani.

Nyaruai alipanda. Sindano ilisimama kwenye hamsini na moja. Ndirangu alikuna kidevu. Alimtazama binti yake, akatazama mahindi yaliyokuwa yakikauka juani, akatabasamu. Ni tabasamu ambalo Wamboi angeliona, angelishuku. Lakini Wamboi alikuwa jikoni.

"Gunia likikaa kwa jua, linapungua uzito," alisema Ndirangu. "Kwani limepunguza nini? Mahindi ni yale yale. Ni maji tu imetoka. Hata wewe tutakukausha."

Wakaanza. Nyaruai alivaa karatasi ya nailoni mwilini na jaketi nzito juu yake. Alikimbia kuzunguka maturubai wakati jua lilipokuwa kali. Jasho lilimtoka hadi likajaa viatuni. Akiomba maji, baba yake alimwambia, "Lowesha mdomo tu, usimeze." Chakula nacho Nyaruai alikipunguza kwa siri. Mama akigeuka, githeri yake ya mahindi na maharagwe ilienda kwa kuku. Kuku wa nyumba hiyo walinenepa vizuri sana msimu huo.

"Hii mtoto iko sawa kweli?" Wamboi aliuliza. "Midomo imepasuka. Asubuhi analalamika kichwa."

"Ni mazoezi, Mama Nyaruai. Michezo ni kujikaza," Ndirangu alijibu, macho kwenye mizani. Sindano ilikuwa imeshuka. Aliona kazi yake inafanikiwa, maskini, kumbe alikuwa akimuumiza mtoto anayempenda kuliko mahindi yote ya Trans-Nzoia.

Jumamosi iliyofuata, Ndirangu alikwenda ukumbini kumwona bingwa wake. Alisimama mlangoni, akainama kama kawaida yake. Watoto wakainama. Sabum Wilkista akaamuru waanze mateke.

Nyaruai alipiga teke la kwanza, likapita hewani bila kugusa kitu. La pili halikufika hata kiunoni. Alisimama, akashika kichwa. Ukumbi ulimzunguka. Kisha akaanguka kwenye mkeka.

"Nyaruai!" Ndirangu aliingia na viatu vyake mpaka katikati ya mikeka, mahali ambapo hakuna mtu huingia na viatu.

Wilkista alikuwa ameshafika. "Mpisheni hewa. Fungueni dirisha," aliwaambia watoto. Alimlaza msichana chali, akalegeza mkanda, akamwinua miguu. Alilowesha kitambaa, akampangusa uso na shingo. Ndirangu alinyakua chupa ya maji, akataka kummiminia mdomoni.

"Wacha kwanza, Baba Nyaruai! Mtu amezirai hapewi maji. Itaingia kwa mapafu. Ngoja aamke."

Ndirangu alisimama na chupa mkononi. Ulikuwa muda mfupi tu, lakini kwake ulikuwa mrefu kama msimu mzima wa kiangazi. Nyaruai alifumbua macho.

"Unaitwa nani?" Wilkista aliuliza.

"Si unanijua, Sabum?"

"Nakujua. Nataka kujua kama wewe unajijua." Nyaruai alicheka kidogo, akataja jina lake. Alipokuwa macho kabisa, Wilkista alimketisha na kumpa maji, mafunda madogo madogo. "Pole pole. Sasa niambie. Leo umekojoa?"

Nyaruai aliona haya. "Kidogo."

"Rangi gani?"

"Kama chai ya rangi."

Wilkista hakuuliza tena. Alimpeleka zahanati akapimwe vizuri, kwa sababu mtu aliyezirai hapaswi kwenda nyumbani hivi hivi. Wamboi aliitwa, akafika mbio na unga mikononi. Huko zahanati, karatasi ya nailoni na githeri ya kuku vilijulikana. Wamboi alimpa mumewe mgongo, akaenda kukaa na binti yake. Ndirangu angependelea agombezwe.

Binti alipopata nafuu, Wilkista alikaa na wazazi wake nje, kwenye benchi.

"Baba Nyaruai, ulitaka kufanya nini?"

"Kumkausha, Sabum. Kama mahindi. Nilifikiria mtu ni vile vile, unatoa maji, mtu anabaki. Nilitaka asilie tena."

Wilkista hakumcheka. Alijua moyo wa mtu huyu. "Haya, wewe ni mtu wa mahindi, nikuulize ya mahindi. Yale unatandaza kwa turubai, yanaendelea kukua?"

"Aa. Hayo yamevunwa. Yamemaliza kukua."

"Na yale bado yako shambani, mvua ikipotea?"

"Yanajikunja majani. Yanatoa gunzi tupu."

"Sasa huyu mtoto wako amevunwa?"

Ndirangu alitazama mlango wa zahanati. Alielewa kabla hajajibu. "Bado yuko shambani," alisema taratibu.

"Bado yuko shambani," Wilkista alikubali. "Mifupa inakua. Damu inataka maji. Mwili ukikosa maji, kichwa kinauma, mtu anaona kizunguzungu, misuli inakaza. Jasho likiisha, mwili hauna njia ya kujipooza. Moyo unaweza kushindwa. Na huu mchezo wetu una mateke ya kichwa. Mtu ambaye amekauka akipigwa kichwa, ni hatari zaidi. Kuna watu wamekufa kwa sababu ya kujikausha hivi."

Wamboi alishika kifua. "Kwa hivyo afanye nini?"

"Acheze na uzito wake. Mtoto anayekua hapunguzwi ndio ashinde. Ale uji asubuhi, na ugali, maharagwe, mayai, mboga na matunda. Anywe maji kabla ya mazoezi, katikati, na baadaye. Aangalie mkojo. Ukiwa mweupe mweupe, maji yametosha. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aongeze. Na akisikia kizunguzungu aniambie. Kunificha sio ushujaa, bana."

Nyaruai alikuwa amesimama mlangoni, amefunikwa shuka. "Lakini Sabum, Ivy nitamfanyia nini? Namwogopa."

"Mwogope," Wilkista alisema. "Hata mimi nimewahi kuogopa watu. Lakini mwogope ukiwa umeshiba."

Nyaruai alipumzika mpaka zahanati ikamruhusu kurudi mazoezini. Kuku walirudi kwenye mahindi ya kuiba. Wilkista aliweka sheria katika kilabu: kila mtoto atacheza katika uzito wake, na mzazi mmoja kwa zamu ataleta maji na uji. Zamu ya kwanza aliichukua Ndirangu. Ya pili pia. Ya tatu wazazi wengine walimwomba awaachie.

Siku ya safari, Ndirangu alibeba mtungi mkubwa wa maji yaliyochemshwa kutoka Kitale.

"Kwani Bungoma hakuna maji?" Wamboi aliuliza.

"Iko. Lakini hii ni yangu."

Walifika Ijumaa mchana. Uzito ulipimwa siku hiyo, na mapambano yalikuwa Jumamosi. Nyaruai alikwenda nyuma ya ukumbi kutafuta choo. Hapo, kwenye ukuta uliopigwa na jua, alimkuta msichana ameketi. Alivaa jaketi mbili. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa akitema mate kwenye kopo.

Alikuwa Ivy.

"Niaje, Ivy. Unafanya nini hapa?"

"Napunguza. Imebaki kidogo tu niingie arobaini na tisa." Ivy alitazama chini. "Sitaki kukutana na wewe. Ile teke ulinipiga mbavu mwaka jana, nililala upande mmoja mpaka nikazoea."

Nyaruai alimkodolea macho. Alikuwa amemwogopa Ivy mwaka mzima, na mwaka mzima Ivy alikuwa akimwogopa yeye! Kisha akawaza jambo la pili. Ivy akishuka, njia ya dhahabu iko wazi. Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja tu: kunyamaza. Hakuna mtu angejua.

Alikumbuka ukumbi ukimzunguka. Alikumbuka alivyofumbua macho akamwona baba yake amesimama na chupa.

Alikwenda mbio, akarudi na kikombe cha maji, na baba yake nyuma yake akiukokota mtungi.

"Kunywa," alimwambia Ivy. "Pole pole. Mimi nilifanya hivi nikaanguka. Kuja tupigane kwa uzito wetu. Kama ni kuogopana, tuogopane tukiwa tumeshiba."

Ivy alisita. Kisha alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

"Nyinyi watu wa Kitale!" ilikuwa sauti ya Wanyonyi, mwalimu wa Ivy, akija kwa hatua kubwa. "Mnamnywesha mchezaji wangu maji kabla ya mizani? Hiyo ni njama gani?"

Ndirangu alimwinamia. Wanyonyi hakutarajia, naye ikambidi ainame.

"Mwalimu, mimi nilimkausha wangu," Ndirangu alisema. "Nusura nimzike. Huyu mtoto bado yuko shambani. Usimuanike." Alimweleza yote bila kujificha, na Wilkista akaja akamalizia. Wanyonyi alimtazama Ivy, akatazama lile kopo la mate. Hasira ikamwisha. Alimvua jaketi moja kwa mkono wake mwenyewe, kisha ya pili.

Ivy alipimwa katika uzito wake. Usiku huo wageni kutoka Kitale walilala kwa familia za Bungoma, kama ilivyo desturi ya vilabu hivyo viwili, na Nyaruai alipelekwa kwa kina Ivy. Walikula ugali na kuku mpaka mama wa Ivy akafurahi. Wilkista alipita asubuhi kumwangalia Ivy, akaridhika kwamba yuko salama.

Fainali ilikuwa yao wawili. Waliinamiana. Raundi ya kwanza Ivy alitangulia. Ya pili Nyaruai alimpata mbavu zile zile, ukumbi ukapiga kelele. Ya tatu walipigana mpaka mwisho bila mmoja wao kuchoka. Mwaka uliopita, raundi hiyo Nyaruai alikuwa amesimama tu kwa uchovu. Sasa miguu yake ilikuwa hai.

Ivy alishinda kwa pointi moja.

Wasichana walikumbatiana katikati ya mkeka, wakilia na kucheka pamoja. Nyaruai alitoka na medali yake ya fedha, macho yamejaa machozi. "Nimeshindwa tena, Baba."

Ndirangu alijua hakika kwamba binti yake angepata dhahabu kwa kunyamaza tu nyuma ya ukumbi. Alivua viatu. Alifunga kifungo cha koti. Mbele ya watu wa Kitale na wa Bungoma, baba alimwinamia mtoto wake, chini kabisa, akakaa hivyo kwa muda.

Kisha akainuka, akajaza kikombe cha kwanza kutoka mtungini akampa Nyaruai. Akajaza cha pili, akampelekea Ivy.