Saruji Haianikwi

"Toa mkono kwenye mfuko wangu, kaka."

"Wako tangu lini? Hujalipa."

"Na wewe hujalipa."

Watu wa foleni nyuma yao walishaanza kuchagua upande. Ulikuwa mfuko wa mwisho wa saruji nyeupe katika duka lile la vifaa vya ujenzi, na kila mmoja alikuwa ameng'ang'ania pembe yake. Mwanamume alikuwa kinyozi, shati lake la samawati limepigwa pasi likanyooka, na alitaka saruji ya kuziba mianya ya vigae vya saluni yake. Mwanamke alivaa suruali ya jinzi yenye mabaka ya kijivu magotini na kilemba cha manjano. Alisema anatengeneza vyungu vya maua na vinara vya mishumaa vya zege, mapambo ya sebuleni. Kinyozi akauliza nani anaweka zege sebuleni, kwani sebule ni daraja?  Mwanamke akatoa simu, akamwonyesha picha za kazi zake.

Kinyozi aliangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akauachia mfuko.

"Mimi kilo mbili zinanitosha," alisema. "Nitazifuata mwenyewe hapo unapofanyia kazi."

"Njoo na chombo. Mimi sigawi vyombo."

Alikwenda na kopo. Kesho yake alikwenda tena, bila kopo.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mama yake mwanamke yule. Kinyozi alianza kumwita Fundi, naye akaitwa Bwana Mkasi. Alipewa kiti pembeni, akakaa kutazama. Fundi alipaka mafuta ndani ya makasha matupu ya maziwa, akamimina uji wa saruji na mchanga laini, akazamisha kopo dogo katikati, kisha akagonga meza kwa ngumi, taratibu, mpaka mapovu yote yakapanda juu na kupasuka. Kesho yake alichana kasha, kikatoka chungu chenye pembe nne, laini kama ganda la yai. Kinyozi, ambaye kazi yake ni kunyoosha mistari kwenye vichwa vya watu, alikiri kwamba hajawahi kukata mstari ulionyooka vile.

Mapenzi yakaanza hivyo. Mchana walipigiana simu kati ya mteja na mteja.

"Umekula, mpenzi?"

"Mikono imejaa saruji."

"Basi nakuja kukulisha."

"Njoo, ila ukivaa lile shati la samawati usije ukanilaumu."

Katika mwezi wa tano wa mapenzi yao ikaja kazi kubwa. Daktari wa meno aliyekuwa anafungua kliniki mpya aliagiza vyungu ishirini na vinne. Mama alisema wazi: kazi hii ikifanikiwa, kibanda ni cha binti yake moja kwa moja, ikiharibika, anakipangisha, na binti akatafute ajira.

Fundi alivimimina vyote. Asubuhi iliyofuata alivitoa kwenye makasha, akavifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akaenda kliniki kupima madirisha ambako vingewekwa. Bwana Mkasi alifika bila kutarajiwa, akakuta magunia yanachuruzika. Alidhani bati limevuja. Akavibeba kimoja kimoja hadi uani, akavipanga juani kwa mistari minne, akakaa kivulini akijipongeza.

Fundi aliporudi saa tisa alisimama getini.

"Nani kavitoa?"

"Mimi, mpenzi. Vilikuwa vimelowa chapachapa."

Hakupaza sauti. Aliinama, akapitisha kidole kwenye chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele.

"Saruji haianikwi," alisema. "Inanyweshwa maji siku saba ndipo ikomae. Wewe umeianika kama soksi."

"Si ungeniambia? Miezi mitano kila nikigusa kitu hapa unaniambia acha. Ninachokijua ni kukaa kwenye kiti."

"Basi kakae kwenye kiti chako."

Bwana Mkasi akaondoka. Yeye aliamini thamani yake ni chini ya chungu. Fundi akaamini ameharibu na kukimbia. Siku nne simu hazikulia. Fundi alichukua nyundo, akavivunja vyote ishirini na vinne, akaanza upya huku akitafuta maneno ya kumweleza daktari.

Daktari akamtangulia kupiga simu.

"Yule kijana wako alikuja jana," alisema. "Kasema yeye ndiye kaviharibu vyungu, wewe huna kosa. Nikamuuliza, umetumwa? Akasema hapana, na ukijua utamkasirikia. Chukua wiki mbili zaidi, mafundi rangi wenyewe hawajamaliza."

Fundi alikasirika kweli, kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Kisha akaenda saluni.

Kupitia kioo cha mlango alimwona akimnyoa mzee ambaye kichwa chake kilikuwa kikitikisika bila kukoma. Kinyozi hakukishika kwa nguvu. Alisubiri kitulie, akapitisha wembe mara moja, akasubiri tena. Fundi alisimama pale dakika kumi. Mikono inayojua kusubiri namna ile, yeye aliinyima kazi miezi mitano. Akaingia.

"Mbona hukunipigia?"

"Uliniambia nikae kwenye kiti changu. Nimekaa."

"Nimekosa. Ningekufundisha tangu siku ya kwanza." "Niliogopa. Niliona ukijua kazi, hutakuwa na sababu ya kuja kunitazama."

Kinyozi akaweka wembe chini. "Fundi, mimi nilikuwa sitazami vyungu."

"Mnamalizana," aliuliza mzee, "au nirudi kesho na nusu kichwa?"

"Tunamalizana, baba," alisema Fundi. Kisha, akimtazama kinyozi usoni: "Nataka unioe. Ofisi ya ndoa inafungwa saa ngapi?"

Mzee akajibu kwa niaba ya kinyozi kwamba ni saa kumi. Ilikuwa saa nane na robo. Kinyozi akamaliza kile kichwa bila kuharakisha, akafunga saluni, na Fundi akampigia mama yake kumwambia wanakwenda kuandikisha ndoa.

"Leo?" aliuliza mama.

"Leo."

"Umenawa uso?"

"Bado."

"Nawa. Na msiingie bila mimi."

Saa tisa na nusu walikuwa watatu mbele ya meza, kilemba cha manjano katikati. Karani aliwatazama, akatazama suruali yenye mabaka, akauliza kama wamefikiria vizuri.

"Andika, mwanangu," alisema mama.

Karani akaandika.