Matone ya Kwanza

Yemma, mama yangu, aliomba kitu kimoja tu: anuse marashi ya waridi kabla hajafa.

Hakutamka kufa. Alisema, "Kabla ya Ijumaa." Daktari alikuwa amemrudisha nyumbani na mapafu yake yaliyochoka, na sote wawili tulijua maana yake.

"Si ya dukani," akanionya. "Hiyo ni sabuni. Nataka ya mawaridi ya bustani ile. Uyachume alfajiri. Na matone ya kwanza unyunyize pembe nne za nyumba kabla pua ya binadamu haijayafikia. Ni ya wenyewe."

"Wenyewe gani, Yemma? Hati ya nyumba ina jina langu."

"Cheka tu, msomi."

Mimi nafundisha kemia chuo kikuu. Alfajiri nasahihisha mitihani. Nikaenda nilipotoka kazini, adhana ya magharibi ikikaribia.

Bustani ile ya hapa mjini Blida naikatiza kila siku, mwaka wa tisa sasa, nikikimbilia basi. Ungeniuliza ina nini, ningekuambia: maganda ya alizeti, benchi bovu, paka. Jioni ile nilisimama kwa mara ya kwanza. Mawaridi yalikuwa yamepanda nguzo za chuma yakaficha kutu yote. Mekundu mazito. Ya manjano, kingo zake kama zinaungua. Meupe yaliyomwaga petali kwenye bwawa kavu mpaka likaonekana limejaa. Watu walipita wakiangalia simu. Nilitaka nimshike mmoja shingo nimgeuze: tazama!

Ndipo nikasikia mkasi.

Kch... kch...

Mwanamke alikuwa akipogoa. Alijitanda haiki jeupe, vazi la bibi zetu, mwili mzima pamoja na uso, likabaki jicho moja tu nje. Nilidhani wa mwisho kulivaa hivyo tulishamzika.

"Umechelewa, mwanangu," alinong'ona.

"Kazi, lalla," nikamjibu kwa heshima, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Miaka tisa unatupita. Hata salamu."

"Nyinyi akina nani?"

Alinijazia kikapu changu kwa mikono yake. Mikono ilinuka udongo uliotoka kumwagiwa maji.

"Matone ya kwanza ni yetu," akasema. "Atakayetutangulia kuyanusa, naye ni wetu."

Nikamshukuru kama unavyomshukuru mtu asiye na akili timamu. Kwa adabu, na upesi.

Nyumbani nikateleka sufuria ya shaba ya Yemma: maji, petali, moto, bomba likipita kwenye ndoo ya maji baridi. Mvuke unapanda, unapoa, unadondoka. Hakuna jini hapo. Tone la kwanza likaanguka kwenye chupa. La pili. Nikainama nikanusa.

Tabia ya maabara.

Chumbani pumzi ya Yemma ilianza kukwama.

"Umenyunyiza?"

"Nimenyunyiza."

"Pembe zote?"

"Zote nne, Yemma."

Mimi huyu, nisiyevumilia uongo wa watu.

Nikamwekea chupa puani. Akavuta. Wiki tatu nzima hakuwa amevuta pumzi ndefu namna ile. Uso ukamlainika, akawa kama kwenye picha zake za harusi. Kisha akatazama nyuma ya bega langu.

"Mpe mgeni kiti," akanong'ona.

Sikugeuka.

Yemma hakuiona asubuhi.

Siku ya arobaini nilirudi bustanini, mchana kweupe, watu tele. Alikuwa palepale na mkasi wake. Watoto walicheza mpira wakimzunguka bila kumtazama.

"Mmemchukua mama yangu," nikamwambia.

"Sisi? Yule kachukuliwa na mapafu yake." Jicho halikupepesa. "Yeye alinusa wa pili."

Akaelekeza mkasi kwenye safu ya mawaridi meupe. Katikati palikuwa na pengo, na katika pengo shimo jipya, dogo, la kutosha mche.

"Wa kwanza alikuwa nani, msomi?"

Sasa nazunguka kwa barabara kuu. Haisaidii. Ukumbi ninaofundishia unanukia waridi, na wanafunzi wangu wanasema hawasikii harufu yoyote. Mto wangu wa kulalia nao unanukia. Juzi nilichungulia kupitia uzio. Mawaridi yamechanua kuliko siku zote, na shimo limefika urefu wangu. Mtu amelimwagia maji.

Watu wanapita pembeni yake wakiangalia simu.