Jina Lililoitwa Mlangoni

Alhamisi hiyo, jua likielekea kuzama, Eulita aliteremka dukani kwa Hesketh kununua mkate ambao hakuuhitaji. Alichotaka ni kuwa nje ya nyumba. Katika chumba cha mbele, juu ya meza, alikuwa ameacha sahani ya chakula cha mama yake, Keturah, aliyezikwa mwezi Machi. Na mfu akiwa mezani, walio hai hawakai ndani.

Ndivyo wafanyavyo Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Mtoto wa nyumba akitarajiwa kurudi kutoka ng'ambo, wafu wa nyumba hula kwanza. Unapika shelisheli na nyama ya mbuzi bila chembe ya chumvi, maana chumvi humfukuza mfu. Unasimama mlangoni, unamwita kwa jina mara tatu, unaondoka bila kugeuka nyuma.

Mtoto mwenyewe alikuwa Ianthe, dada yake mkubwa, mkazi wa Leeds kule Uingereza. Mpango wake ulibandikwa ukutani. Ijumaa kutua Saint Kitts, kisiwa jirani, na kulala mjini Basseterre, Jumamosi feri ya asubuhi kuja Nevis, Jumapili kaburini, Jumatatu kuoga kwenye chemchemi ya maji moto. Mipango ya Ianthe ilikuwa mizuri siku zote. Kilichokosekana ni Ianthe. Huu ulikuwa wa kumi na moja. Kila mwaka alipanga, na kila mwaka likazuka jambo. Kazi, goti, theluji... Hata mazishini hakuja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Eulita alikuwa amengoja kupona miaka yote hiyo. Alimuuguza mama peke yake, akamzika peke yake, na tangu siku ile alikuwa amekufa ganzi. Hakulia. Hakukasirika. Alitaka kitu kimoja tu, mtu wa kuketi naye mezani.

"Safari hii anakuja kweli," Hesketh aliuliza akifunga mkate, "au anapanga tena? Dada yako huyo angekuwa fundi wa nyumba, kisiwa kizima tungelala nje."

"Anakuja."

"Haya, tutaona Jumamosi. Sahani umeweka?"

"Nimeweka."

"Na kuita, umeita?"

"Mara tatu."

"Basi Keturah atakuwa anajilia zake."

Eulita alinyoosha mkono kupokea mkate. Mkono ukaishia hewani.

Siku nzima alikuwa na jina moja kinywani. Akifagia, Ianthe. Akitandika kitanda cha wageni, Ianthe. Na pale mlangoni aliita mara tatu kwa sauti, kama inavyotakiwa... lakini hakumwita Keturah.

Alimwita Ianthe.

Alimkaribisha mtu aliye hai, mwenye pumzi zake, kwenye sahani ya wafu.

Hakukimbia. Alipanda kilima kwa mwendo wake wa kila siku, akijiambia kwamba ulimi hauna mfupa na kuteleza kwake si dhambi. Giza lilikuwa limeshaingia chini ya miti. Vyura walikuwa wakipiga kelele zao. Alipogusa lango wakanyamaza wote.

Ndani, kijiko kiligonga sahani ya bati.

Ting... ting...

Kisha harufu. Haikuwa ya mbuzi. Ilikuwa ya koti la sufu lililoloa mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha Nevis kwa wiki tatu, na hakuna mtu pale kijijini aliyekuwa na koti la sufu.

Mwanamke alikuwa ameketi mezani, mgongo kwa mlango. Alikula taratibu, kama mgonjwa aliyepata nafuu.

"Umechelewa, mdogo wangu," alinong'ona. Sauti ilikuwa ya Ianthe.

"Mpango ni Jumamosi," Eulita akasema.

"Si umeniita?"

Simu ikalia mfukoni. Eulita aliitoa akatazama jina la anayepiga.

Ianthe.

"Lita? Nilikuwa nafunga sanduku." Sauti ya simuni ilikuwa imechoka. "Sijui nina nini leo. Nimejipikia supu, siisikii ladha. Nimetia chumvi, nimeongeza tena, bado ni kama maji. Na miguu imekuwa ya baridi mpaka magotini. Sasa nasema... safari tuisogeze mbele kidogo. Labda Pasaka. Utanielewa, eti?"

Kijiko kilisimama. Aliyeketi mezani alikuwa akisikiliza.

Kopo la chumvi lilikuwa rafuni, hatua nne tu. Eulita alijua la kufanya. Hata mtoto mdogo wa pale angejua. Chembe chache sahanini, na huyu angerudi alikotoka, na yule wa Leeds angeisikia ladha ya supu yake. Akaenda. Akafungua kopo, akatia vidole.

"Ukitia, nitaondoka," mgeni akanong'ona bila kugeuka. "Na yule hatakuja. Unajua mwenyewe."

"Lita, mbona kimya?" simu ikauliza. "Lita... nasikia baridi kweli."

Eulita aliitafuta huruma moyoni mwake. Aliitafuta kwa haki, bila haraka. Hakuikuta. Alichokikuta ni njaa.

Akafuta vidole kwenye gauni. Akailaza simu juu ya kabati bila kuikata, akachukua sahani nyingine, akajipakulia kutoka sufuria ileile. Akavuta kiti akaketi, macho chini, mikono ya mgeni ikiwa mbele yake. Ilikuwa mikono ya dada yake, mpaka kovu la kidole gumba. Usoni hakuthubutu kutazama. Kule kabatini Ianthe aliita tena, kwa mbali, kisha zikabaki pumzi, kisha hazikubaki.

"Utakaa siku ngapi?" Eulita akauliza.

"Zote," mgeni akasema, akasogeza sahani yake aongezewe.